Vyuo vingali vyasaka wachezaji warefu, ila kazi yao imebadilika

Na MWANDISHI WETU

MCHUKULIE kijana wa shule ya upili katika eneo la Kibugu, Kaunti ya Embu, ambaye ametimiza miaka 15 na tayari anawapita walimu wake kwa kichwa kizima. Siku atakapojiunga na timu ya mpira wa vikapu, yamkini ataambiwa jambo moja tu: nenda ukasimame chini ya kikapu.

Hapo ndipo atakapofunzwa kungoja. Wenzake wafupi watafunzwa kudunda mpira, kutoa pasi na kutupa kutoka mbali. Yeye atainua mikono, ataletewa mpira na kuutia kikapuni. Kwa kuwa wapinzani wake wengi ni wafupi, timu itashinda na hakuna atakayeona kasoro.

Kasoro hujitokeza miaka mitatu baadaye, anapotafuta nafasi katika timu ya chuo kikuu, iwe humu nchini au ng'ambo. Atawakuta warefu wenzake, na wengi wao wanajua mengi zaidi ya kungoja. Kwa mzazi wa miteremko ya Mlima Kenya anayelipa karo kwa bonasi ya majani chai au malipo ya kahawa, tofauti kati ya mtoto aliyefadhiliwa kimasomo kwa sababu ya mchezo na yule aliyekosa ufadhili huo si ndogo.

Ndiyo maana inafaa kueleza jinsi timu za vyuo zinavyowatumia wachezaji warefu siku hizi. Wako wanaodai kwamba zama za mchezaji mrefu, au senta kama anavyoitwa, zimepita. Dai hilo si la kweli. Kilichopita ni kazi yake ya zamani.

Enzi za mnara

Kwa miaka mingi mchezo wa vyuo nchini Marekani, ambako ndiko mashindano ya aina hii yalikopevuka, ulimzunguka senta. Alikuwa mwisho wa kila shambulizi. Ubabe wake ulifikia hadi ya kubadilisha sheria. Mwaka wa 1967, baada ya Lew Alcindor wa chuo cha UCLA (ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar) kuwatesa wapinzani, wasimamizi wa michezo ya vyuo walipiga marufuku kuusukumiza mpira kikapuni kutoka juu ya ringi. Marufuku hayo yalidumu hadi 1976. Alcindor, aliyekuwa tayari ametwaa taji la 1967, aliwajibu kwa kutwaa mengine mawili, 1968 na 1969.

Afrika Mashariki nayo ilitoa mnara wake. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alianza kuucheza mchezo huu akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka wa 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Katika msimu wa 2008-2009 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 (yaani mipira inayorejea baada ya kukosa kikapu) na mitupo minne ya wapinzani aliyoizima katika kila mchezo. Connecticut ilifika nusu-fainali ya kitaifa mwaka huo.

Hata hivyo, dalili za mabadiliko zilikuwa zimeanza kuonekana. Mnamo Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Thabeet alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mchezaji aliyekuwa mfupi kwake kwa takriban sentimita 20. Blair alifunga pointi 22 na kunyakua ribaundi 23, na Pittsburgh ikashinda 76-68. Blair alimshinda kwa miguu, kiuno na kuwahi nafasi, wala si kwa kimo.

Miezi minne baadaye, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Thabeet alichaguliwa wa pili kote na klabu ya Memphis Grizzlies. Aliyechaguliwa wa saba alikuwa kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson, Stephen Curry. Thabeet hakudumu katika ligi hiyo. Curry naye aliigeuza kwa mitupo yake ya masafa marefu. Wembamba wa reli, treni hupita.

Hesabu iliyogeuza mchezo

Sababu ya mageuzi hayo ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi aweza kuifanya. Mchezaji anayetupa kutoka nje ya mstari wa pointi tatu akafaulu mara moja katika kila majaribio matatu, hupata wastani wa pointi moja kwa kila mtupo. Senta wa zamani, aliyepokea mpira akiwapa wapinzani mgongo na kutupa juu ya mlinzi, alihitaji kufaulu nusu ya majaribio yake ili alingane naye. Wengi hawakufikia kiwango hicho.

Saa nayo ilimbana. Katika vyuo vya Marekani, tangu msimu wa 2015-2016, timu ya wanaume ina sekunde 30 za kushambulia. Chini ya sheria za shirikisho la kimataifa, FIBA, zinazotumika Kenya, muda huo ni sekunde 24, na nane za kwanza ndizo za kuuvusha mpira katikati ya uwanja. Kumngoja senta ajipange, apokee mpira, asukumane na hatimaye atupe ni anasa.

Lakini hesabu iyo hiyo humtetea mchezaji mrefu kwa upande mwingine. Mtupo wa karibu kabisa na ringi, hasa wa mtu anayefika akiwa mbioni, ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini mwenye urefu wa mita 2.18 aliyelelewa mtaani Kawempe jijini Kampala, alifaulu asilimia 71 ya mitupo yake akiichezea Duke katika msimu wa 2024-2025. Hiyo ni zaidi ya pointi 1.4 kwa kila jaribio. Ni watupaji wachache mno wa masafa marefu wanaoikaribia.

Swali la makocha, basi, limekuwa hili: mrefu atafikaje karibu na ringi bila kusimama hapo tangu mwanzo na kuwazibia wenzake njia?

Nguzo inayotembea

Jibu ni kizuizi. Katika timu nyingi za vyuo siku hizi, wachezaji wanne husambaa nje ya mstari wa pointi tatu. Mrefu hupanda kutoka chini hadi alipo mwenzake anayedunda mpira, kisha husimama imara kama nguzo kando ya mlinzi anayemkaba mwenzake huyo. Mdundaji hupita begani pake, na mlinzi hugonga nguzo. Papo hapo mrefu hugeuka na kuteremka kasi kuelekea kikapuni.

Kwa sekunde mbili hivi, walinzi wawili wanakabiliwa na hatari mbili. Mlinzi wa mrefu akirudi nyuma kulinda ringi, mdundaji hutupa bila bughudha. Akitoka nje kumkabili mdundaji, mrefu anayeteremka hurushiwa mpira juu ya ringi. Walinzi wakibadilishana, mtu mfupi hujikuta amebaki na jitu, au jitu likabaki na mtu mwenye miguu myepesi.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, tuseme senta wa zamani alikuwa mshambulizi aliyekaa ndani ya kisanduku akingoja krosi. Wa sasa ni kiungo. Akipokea pasi akiwa katikati ya eneo la hatari, ana nukta chache za kuamua: afunge, ampe mwenzake aliye pembeni, au aurudishe mpira nyuma? Ikiwa hajawahi kufunzwa kutoa pasi, shambulizi hufia mikononi mwake.

Ziko timu zilizovuka mpaka huo. Michigan, katika msimu wa 2024-2025, iliwachezesha pamoja Vladislav Goldin na Danny Wolf, wote wakiwa na urefu wa zaidi ya mita 2.1. Ajabu ni kwamba mara kwa mara Wolf ndiye aliyedunda mpira na Goldin akamwekea kizuizi, kazi ambayo zamani ilikuwa ya mtu mrefu na mfupi.

Kipa bila glavu

Katika ulinzi, vyuo vina jambo moja linalompendelea mrefu. Ligi ya kulipwa ya NBA, tangu msimu wa 2001-2002, humzuia mlinzi asiyemkaba mtu kukaa ndani ya eneo la kikapu kwa zaidi ya sekunde tatu. Vyuo havina sheria hiyo, wala FIBA haina. Mchezaji mrefu wa chuo anaweza kulinda ringi kama kipa anavyolinda lango.

Na kama kipa, yeye ndiye anayeuona uwanja wote. Makocha humtaka apaze sauti: kizuizi chaja kushoto, rudi, badilishana. Mrefu bubu ana hasara hata akizima mitupo mitano.

Wapinzani nao wana dawa yao. Humvuta nje kwa kumpangia mtu anayejua kutupa kutoka mbali, na akitoka, lango hubaki wazi. Asipomsukuma mpinzani wake nyuma kwa kiuno kabla ya mpira kurejea kutoka ubaoni, urefu haumfai kitu. Maluach alionja uchungu huo Aprili 5, 2025, katika nusu-fainali ya kitaifa mjini San Antonio. Alicheza dakika 21 bila kunyakua hata ribaundi moja. Duke, iliyokuwa mbele kwa pointi 14 katika kipindi cha pili, ilipoteza 70-67 mbele ya Houston. Hata hivyo, karibu miezi mitatu baadaye alichaguliwa wa kumi katika uteuzi wa NBA, kwa kuwa vilabu vilikuwa vimeona kazi yake ya msimu mzima.

Kidole kimoja

Je, senta wa kale hana nafasi kabisa? Zach Edey wa Purdue, mwenye urefu wa mita 2.24, alitawazwa mchezaji bora wa vyuo mwaka wa 2023 na tena 2024 akicheza kwa mtindo ambao Alcindor angeutambua. Siri ya Purdue ilikuwa kumzungushia watupaji hodari. Waliomvamia Edey wawili wawili waliadhibiwa kutoka nje.

Katika fainali ya Aprili 8, 2024, Connecticut ilikataa kuuingia mtego huo. Ilimwachia kazi ya kumkaba Edey mtu wake mrefu, Donovan Clingan, na wengine wakawaganda watupaji. Edey alifunga pointi 37. Purdue nzima ilifunga mtupo mmoja tu wa pointi tatu, ikalazwa 75-60. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Kutoka Mumias hadi South Carolina

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa msichana. Madina Okot, mzaliwa wa Mumias mwenye urefu wa karibu mita 1.98, aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Zetech kabla ya kuelekea Marekani. Katika msimu wa 2024-2025 alikuwa senta wa Mississippi State, akipata wastani wa zaidi ya pointi 11 na karibu ribaundi 10 kwa mchezo. Mwaka wa 2025 alihamia South Carolina ya kocha Dawn Staley, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa kitaifa mwaka wa 2017, 2022 na 2024.

Timu ya taifa ya wanaume nayo ilituachia funzo mnamo Februari 2021 mjini Yaoundé. Sekunde zikiyoyoma dhidi ya Angola, mpira ulikuwa mikononi mwa fowadi Tylor Ongwae, ambaye pia alipitia vyuo vya Marekani. Alidunda, akajitengea nafasi, akatupa. Kenya ilishinda 74-73 na kurejea katika kombe la Afrika baada ya miaka 28. Mtu mrefu aliyefunzwa kusimama tu asingeaminiwa na mpira huo.

Turejee Kibugu. Kumwandaa kijana wetu hakuhitaji jumba la michezo wala vifaa vya bei ghali. Kunahitaji kocha atakayemwacha adunde mpira pamoja na wafupi wakati wa mazoezi, hata akiupoteza mara kumi. Atakayemfunza kutoa pasi akiwa amezingirwa, kugeuka kwa mguu mmoja bila kutembea na mpira, kukimbia uwanja mzima na kufunga mitupo huru. Atakayekubali pia kushindwa mchezo mmoja au miwili ya shule jirani ili mtoto ajifunze asichokijua.

Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi. Kocha wa shule hupimwa kwa vikombe, na mrefu aliyesimama chini ya kikapu huleta vikombe upesi. Gharama yake hulipwa na mtoto mwenyewe, siku atakapofika mahali ambapo kila mtu ni mrefu. Samaki mkunje angali mbichi, na akiwa na umri wa miaka 15 kijana huyu angali mbichi.