Motokari Ikikataa Kuwaka: Tuchunguze Mbele ya Kununua

Kahawa haingoje mtu. Tunda jekundu lililochumwa asubuhi linapaswa kufika kwenye kituo cha kuoshea na kumenywa siku ile ile. Likilala ndani ya mfuko linaanza kuchacha, na bei inashuka. Njo maana tulikuta nyuso zenye huzuni kwa wandugu wa koperative moja ya Kalehe, Kivu ya Kusini: mifuko ilikuwa imekwisha kupakiwa, na Land Rover yao ya zamani, Series III ya mazuti, ilikuwa imekataa kuwaka.

Shofere aligeuza funguo. "Tak!" moja, kisha kimya. Mmoja akasema batri imekufa, mwingine akasema ni demarere. Mtunza feza alikuwa anahesabu tayari akiba ya msimu. Tukawaomba kitu kimoja tu: tuchunguze kwanza, kununua kutafuata.

Taa zinasema ukweli

Weka gia huru, vuta freni ya mkono. Washa taa kubwa za mbele. Mtu mmoja azitazame, mwingine ageuze funguo.

- Taa haziwaki kabisa, ao zinazimika mara moja: batri imeisha, ao vichwa vya waya kwenye batri vimelegea ao vina kutu.
- Taa zinafifia na unasikia "tik-tik-tik": batri ni zaifu, ao umeme unapita vibaya kwenye kiungo fulani.
- Taa zinabaki na nguvu, hakuna sauti: angalia sehemu ya funguo na ule waya mwembamba unaoenda kwa demarere.
- Taa zinabaki na nguvu, unasikia "tak" moja: umeme mkubwa haupiti. Ni demarere, ao ni waya wa masi, ule unaorudisha umeme toka kwa injini.
- Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki: acha batri. Kwa mazuti, angalia bujii za kupasha moto, na hewa ndani ya mipira ya mazuti.

Kama muko na kipima-umeme, batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu 12,6. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza. Injini ikiwa inatembea, inapaswa kuonyesha karibu 14. Kama haipandi, altenata haichaji, na hata batri mpya itakufa vilevile.

Tuliyoyakuta

Ile ya Kalehe, taa zilibaki na nguvu na batri ilionyesha 12,5. Shofere akagusa kamba ya chuma ya kuzimia injini, akarudisha mkono haraka: ilikuwa ya moto! Umeme ulikuwa umekosa njia yake, ukawa unarudi kupitia kamba ile.

Tukachukua waya mnene wa kuazimishana batri, tukafunga upande mmoja kwa kichwa cha kutoa (−) cha batri, upande mwingine kwa chuma kitupu cha injini. Funguo ikageuzwa, injini ikazunguka. Waya wa masi kati ya injini na shasi ulikuwa umejaa kutu na matope. Tuliufungua, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza bulo, tukapaka grisi juu. Mbele ya jua kuzama, kahawa ilikuwa imefika. Akiba haikuguswa.

Mukifanya kazi hii

Fungua waya wa kutoa (−) kwanza, na uurudishe wa mwisho. Usivute sigara karibu na batri, maana inatoa gazi inayoweza kulipuka. Linda macho: maji ya batri ni asidi. Ukiongeza, tia maji safi ya batri, si ya mto wala ya kisima. Usishikilie funguo zaidi ya sekunde 10. Pumzisha demarere dakika moja, kisha jaribu tena.

Wandugu, katika mkutano wenu ujao chagueni mtu mmoja wa kutazama vichwa vya batri na waya wa masi kila juma. Brosi ya chuma, msasa na grisi kidogo vikae ndani ya motokari. Mavuno yakianza, itakuwa kuchelewa kuvitafuta.