Daktari akiuliza unatumia dawa gani nyingine, usimfiche chupa ya mizizi

Kuna swali ambalo daktari huuliza karibu kila siku, na mara nyingi hajibiwi ukweli. "Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia nyumbani?" Mgonjwa anatazama sakafu na kusema, "Hapana, daktari." Ndani ya mkoba wake, chini ya kadi ya kliniki, ipo chupa ya maji ya nusu lita yenye dawa ya mizizi aliyopewa na jirani. Asubuhi, kabla ya kupanda daladala, alikunywa glasi moja.

Kama wewe ndiye mgonjwa huyo, sikulaumu. Umefokewa mara ngapi ukitaja dawa za kienyeji? Sisi wa sekta ya afya ndio tuliokufundisha kuficha. Na aliyekuuzia mizizi naye amekuambia kuwa vidonge vya hospitali ni kemikali tupu, vitakuua figo. Basi unatumia vyote viwili kimyakimya, na kati ya wanaokutibu hakuna anayejua mwenzake amekupa nini. Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe.

Mabishano ya mitishamba na vidonge yanatufanya tudhani kuwa hawa ni mahasimu wasioweza kukaa chumba kimoja. Tuichukue malaria, ugonjwa ambao kila nyumba yetu inaufahamu. Kwinini, iliyotibu babu zetu, ilitoka kwenye magome ya msinkona, mti wa Amerika Kusini ambao Wajerumani waliuotesha mpaka Amani, kwenye milima ya Usambara. Dawa mseto unayopewa leo baada ya kupimwa nayo ina asili ya porini. Nusu ya mchanganyiko wake chanzo chake ni artemisia, mmea uliotumiwa na Wachina kutibu homa kwa karne nyingi, na ambao umelimwa hata kaskazini mwa Tanzania na nchi jirani ya Kenya.

Aliyeipata dawa ndani ya mmea huo ni mwanasayansi wa China, mama anayeitwa Tu Youyou. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wakiuchemsha mmea, lakini matokeo yalikuwa ya kubahatisha, leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Akarudi kwenye kitabu cha kale cha tiba za Kichina na kuona kuwa mganga wa zamani hakusema uchemshwe. Alisema uloweshwe kwenye maji, kisha ukamuliwe. Mama Tu akahisi kuwa moto ndio unaoharibu dawa. Alipobadili njia na kutumia joto dogo, dawa ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Angalia kilichotokea hapo. Mganga wa kale hakudharauliwa, kwani bila maandishi yake huenda dawa hiyo isingepatikana. Lakini pia hakuaminiwa kwa maneno tu. Majani yalipimwa, ikajulikana kiasi gani kinaua vimelea na kiasi gani kinamtosha mtoto wa kilo kumi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu malaria, ingawa dawa inayoipendekeza imetokana na mmea huohuo. Nguvu ya jani hubadilika kwa udongo, mvua, siku lilipochumwa na jinsi lilivyokaushwa. Kikombe cha leo kinaweza kuwa na dawa, cha kesho kikawa na uchungu tu. Kiasi kidogo kikiingia mwilini, homa inaweza kushuka kidogo huku vimelea wakibaki, na wanaobaki ndio wanaojifunza kuishi na dawa.

Sasa nizungumze na wewe mzazi. Mtoto anachemka usiku, ghafla anakaza mwili, macho yanapinduka, mikono inarushwa. Ni degedege. Katika maeneo mengi ya nchi yetu bado kuna imani kwamba hilo ni la kienyeji, na kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Hivyo anafukizwa kwanza, anaogeshwa majani, anapelekwa hospitali siku ya pili akiwa hajitambui. Akifia mikononi mwa muuguzi, watu wanasema si mnaona, sindano imemuua. Imani inapata nguvu kwa kifo ambacho imekisababisha yenyewe.

Degedege la homa kwa mtoto mdogo huweza kuletwa na mambo kadhaa, lakini malaria kali ni mojawapo, nayo haisubiri asubuhi. Na sindano ile inayoogopwa, ya artesuneti, asili yake ni artemisia ileile. Nyanya ya mtoto anayeshikilia kwamba jani ndilo litakalomponya hayuko mbali na ukweli kama anavyodhaniwa. Mwambie jani hilo lipo hospitali, limepimwa, na linaingia kwenye damu kwa dakika chache.

Kwa hiyo mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, au akilegea na kulala usingizi usio wa kawaida, safari ya kituo cha afya inaanza muda huohuo. Usimpe chochote mdomoni wakati wa degedege, iwe kidonge au maji ya mwarobaini. Mlaze ubavu, ondokeni.

Hatari ya pili iko kwa wenye magonjwa ya kudumu. Wengi mnakumbuka mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa Sh500. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi porini, na wapo waliofia njiani. Sina haja ya kubishana tena kuhusu kikombe. Kinachoniuma ni wale waliorudi nyumbani wakiamini wamepona, wakaacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, za kisukari, za kifua kikuu. Virusi vilivyofubazwa haviumi, na shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, kwa hiyo mtu anaweza kuacha dawa akajiona mzima kwa wiki na hata miezi, akimsifu aliyemponya. Kisha linakuja kiharusi. Mtu yeyote anayekuambia dawa yake haifanyi kazi mpaka uache vidonge vya hospitali, mwache yeye.

Na wale mnaochanganya, jueni kwamba dawa mbili zikikutana mwilini husalimiana, na wakati mwingine hugombana. Kama mti wa shamba kweli unashusha sukari, basi ukiongeza juu ya vidonge vya kisukari sukari inaweza kushuka kupita kiasi, ukatetemeka, ukatoka jasho, ukaanguka. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno, ila kikitumiwa kwa wingi kama dawa pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda, kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Hata balungi, tunda tu, linafanya baadhi ya dawa za lehemu na za presha zizidi mwilini. Mjamzito anayekunywa mizizi ya kuongeza uchungu anacheza na kitu kibaya zaidi, kwa sababu mfuko wa uzazi ukibanwa kwa nguvu isiyo na kipimo unaweza kupasuka.

Jambo jingine la kuangalia ni unga wa "asili" unaomaliza maumivu ya magoti ndani ya saa moja. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukuta bidhaa za namna hiyo zimetiwa dawa za kiwandani kisirisiri, zikiwemo za kutuliza maumivu na za nguvu za kiume. Mnunuzi anakimbia kemikali, kumbe anaimeza bila kujua kiasi.

Nisionekane mtetezi wa maduka ya dawa. Parasetamo iliyozidi kipimo huharibu ini. Dawa za maumivu mnazonunua kila wiki bila kuandikiwa zinaumiza figo na tumbo, na antibayotiki za kumeza nusu dozi zinatupeleka pabaya sote. Wakati huohuo, tangawizi inasaidia kichefuchefu, na kijiko cha asali hutuliza kikohozi cha mafua kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja. Chini ya mwaka, asali hapana, maana inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto mchanga. Asili haikumwahidi mtu usalama.

Tiba asili inatambuliwa nchini kwetu. Ipo sheria yake ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Muulize anayekuhudumia kama amesajiliwa. Asiyetaka kuulizwa, hilo nalo ni jibu.

Wiki hii, ukienda kliniki, ibebe ile chupa. Usisubiri uulizwe. Sema, "Daktari, natumia na hii, nilianza mwezi uliopita, nakunywa glasi moja asubuhi na jioni, nimeambiwa ni ya mti fulani." Kama jina hulijui, beba jani au gome lenyewe. Akikufokea, vumilia, mwambie tena taratibu kwamba unataka ajue ili asikuandikie kitu kitakachogombana nacho. Na siku ya upasuaji ikipangwa, taja kila kitu unachokunywa mapema, majuma kadhaa kabla. Usingoje mpaka uwe umelala kwenye kitanda cha chumba cha upasuaji.