Mti wa Mngeta Wapata Jina

Mkazi wa Michenga, kando ya mji wa Ifakara, akiinua mgongo shambani mwake huuona ukuta wa milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi. Ukisafiri kwa treni ya TAZARA kutoka Ifakara kwenda Mlimba, ukuta huo huandamana nawe mkono wa kulia hadi Mngeta na kuendelea. Abiria wamepita chini yake tangu miaka ya 1970. Walikuwa wakipita chini ya mti ambao haukuwamo katika kitabu chochote cha elimu ya mimea.

Mwaka 2019, wataalamu wa mimea Andrea Bianchi, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma walikuwa katika misitu ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, kwenye bonde la Mngeta. Huko waliona mti wasioweza kuutambua. Si kijiti: hufikia urefu wa meta 40, shina lake hupita meta mbili kwa upana, na kilele chake hutokeza juu ya miti mingine yote. Msomaji atauliza, mti wa kimo hicho ulijifichaje?

Haukujificha. Kuuona mti ni jambo moja, kuuthibitisha ni jingine. Mtaalamu hana budi kupata tawi lenye majani, maua na matunda, na kwa mti wa meta 40 hiyo si kazi ya kunyoosha mkono. Tawi hubanwa katikati ya kurasa za magazeti (naam, hata gazeti kuukuu lina kazi yake) mpaka likauke, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu na kuandikiwa mahali na tarehe lilipochumwa. Ndipo hulinganishwa na ndugu zake waliokwisha kuhifadhiwa tangu zamani: idadi ya vijani, manyoya yaliyopo au yasiyopo, umbo la ua, ngozi ya tunda. Tofauti ndogo ambayo macho ya kawaida huipuuza yaweza kuamua kesi nzima.

Kesi hii iliamuliwa mwaka 2025, ulipochapishwa uthibitisho kwamba mti wa Mngeta ni spishi mpya, Tessmannia princeps, katika jamii ya mikunde. Utaratibu wa majina mawili ya Kilatini ulienezwa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753, nao si mgeni kwetu kama unavyoonekana. Jina la kwanza ni la ukoo. La pili ni la mwenyewe. Princeps maana yake ni mkuu, aliye mbele ya wenzake.

Bonde hili lilikuwa limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 1964 Haerdi alichapisha, kwa Kijerumani, utafiti mkubwa juu ya mimea ya dawa inayotumiwa na wenyeji wa wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Ifakara. Kisha ipo ile kazi ndefu ya kuorodhesha mimea yote ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka sitini ya kazi, na bado mti mrefu kuliko jengo la ghorofa kumi uliachwa nje!

Wapo watakaosema kwamba jina la Kilatini halimshibishi mtu. Na waitazame Kihansi, katika milima hiyo hiyo. Chura mdogo wa maporomoko yake alionekana kwa mara ya kwanza na wanasayansi mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo mwaka 2000, makao yake yalikauka, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Hata kahawa ya mwituni ya bonde hilo la Kihansi, Coffea kihansiensis, ilipewa jina na Davis na Mvungi mwaka 2004, mitambo ikiwa imekwisha kuwashwa.

Mti wa Mngeta umewahiwa. Watafiti walikadiria kwamba yote pamoja haizidi 1,000, na kwa kuhesabu pete za shina wakaona kwamba mikubwa huenda ina miaka 2,000 hadi 3,000. Hesabu ya pete katika nchi za joto yataka tahadhari, kwani mti si lazima uweke pete moja kila mwaka. Lakini hata ukiigawa kwa mbili, umri huo umewatangulia wajukuu wengi wa babu zetu.

Misitu unamoota ni misitu ya hifadhi ya vijiji. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, pamoja na kamati inayowajibika kwake. Shoka likitaka kuingia Uluti, ombi lake hupelekwa kwanza mbele ya wanakijiji hao.