Kompyuta nzito nyumbani: dawa za bure zipo, lakini si zote ni salama

Kompyuta inachukua dakika kumi kuamka, matangazo yanaruka kwenye skrini, na folda zote za flashi zimegeuka raccourci. Katika miji mingi ya mashariki ya Congo, jambo la kwanza ambalo watu hufikiria ni kupeleka mashini kwa fundi ili aiformate, yaani afute kila kitu na kuweka Windows upya. Mara nyingi hakuna haja ya kufika huko. Sehemu kubwa ya usafi inaweza kufanyika nyumbani, bila kulipa hata franka moja, kwa programu ambazo tayari zimo ndani ya mashini au zinazotolewa bure na watengenezaji wake.

Hatari iko kwingine: kufuta kabla ya kuweka akiba, na kupakua dawa kutoka mahali pasipojulikana.

Akiba kwanza

Kabla ya kugusa chochote, faili muhimu zinakiliwe mahali pawili: kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye flashi safi, au kwenye akaunti ya intaneti kwa mwenye mega za kutosha. Windows inaweza kuwekwa upya ndani ya saa chache. TFC ya mwanafunzi, hesabu za duka na picha za wazazi waliokwisha kufariki haziwekwi upya na mtu yeyote.

Nakala zikiisha, diski ya nje ichomolewe. Virusi vinavyofunga faili na kudai pesa hufunga pia zile zilizo kwenye diski vinayoikuta imechomekwa.

Ni vizuri pia kupima diski ya ndani. Mara nyingine uzito hautokani na virusi; ni diski inayokufa pole pole. CrystalDiskInfo, programu ya bure, husoma ripoti ambayo diski yenyewe huandika. Rangi ya buluu ni uzima, njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ikionekana njano au nyekundu, usafi usubiri na faili ziokolewe siku hiyo hiyo.

Flashi inayobeba ugonjwa

Ugonjwa unaojulikana zaidi hutoka kwenye vibanda vya kuchapisha na kutoa fotokopi, ambako mashini moja hupokea flashi za watu wengi kwa siku. Kirusi huficha folda za kweli, kisha huweka raccourci zenye majina yale yale. Mwenye flashi akibofya, folda yake inafunguka kama kawaida, naye hatambui kwamba kwa kubofya huko ameingiza kirusi katika kompyuta yake.

Wengi wakiona hivyo hudhani kazi yao imepotea, wanaformate flashi. Huko ndiko kupoteza kwenyewe, maana faili bado zimo, zimefichwa tu.

Njia salama ni hii. Usibofye raccourci yoyote. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha panya na uchague ikaguliwe na antivirusi. Kirusi kikiondolewa, fungua dirisha la Invite de commandes na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Herufi E ibadilishwe ikiwa flashi imepewa herufi nyingine. Folda zitaonekana tena, na raccourci zilizobaki zinaweza kufutwa. Kompyuta nayo ikaguliwe yote, la sivyo kesho itaambukiza flashi upya.

Mlinzi aliyemo ndani

Windows 10 na Windows 11 zina antivirusi ya bure, Microsoft Defender, inayopatikana katika Sécurité Windows. Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha, mradi ipate habari mpya za virusi. Kwa asiye na mega nyingi, Microsoft hutoa faili ya habari hizo inayoweza kupakuliwa mara moja na kupelekwa kwa flashi kwenye mashini nyingine.

Haifai kuweka antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja. Zinagombana na kulemeza mashini. Anayetaka jicho la pili anaweza kutumia toleo la bure la Malwarebytes kwa ukaguzi wa mara moja moja, au Microsoft Safety Scanner, ambayo haihitaji kuwekwa ndani ya mashini. Hiyo ya mwisho huisha muda siku 10 baada ya kupakuliwa, hivyo hupakuliwa upya kila inapohitajika.

Mlango mkubwa wa virusi ni programu zilizovunjwa kufuli, zile za kuwasha Windows au Office bila kulipa. Nyingi humwomba mtu azime antivirusi kwanza. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uwanjani hapaswi kuaminiwa. Anayehitaji kuandika barua, TFC au jedwali la hesabu anaweza kutumia LibreOffice, ambayo ni ya bure na halali, na hufungua faili za Word na Excel.

Kupunguza, si kuongeza

Ili kupata nafasi, Nettoyage de disque ya Windows inatosha: hufuta faili za muda na kumwaga Corbeille. Katika Paramètres pia kuna orodha ya vitu vya kufuta, lakini ndani yake limo neno Téléchargements. Anayeliwekea alama hufuta kila alichopakua, pamoja na hati alizotumiwa.

Kuhusu mwendo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha ufungue sehemu ya Démarrage. Humo huonekana programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Zisizo na kazi zizimwe. Hazifutwi, zinangoja tu kuitwa. Matangazo yanayoruka pembeni mwa skrini mara nyingi hayatokani na kirusi, bali ni ruhusa ambayo mtu aliipa tovuti bila kusoma. Huondolewa katika sehemu ya notifications ya Chrome au Firefox.

Programu zinazoahidi kuharakisha kompyuta kwa kubofya mara moja zitazamwe kwa uangalifu. Mwaka 2017, wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner, programu ya usafi iliyopendwa duniani kote, wakapandikiza kirusi katika toleo la 5.33. Toleo hilo lilitolewa kuanzia Agosti 15 hadi katikati ya Septemba, na kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea. Watu hao walipakua kutoka mahali halali. Kila programu inayoongezwa ni mlango mmoja zaidi, hata ikiwa ni nzuri. Microsoft nayo haiungi mkono programu za kusafisha rejesta ya Windows. Faida yake ni ndogo, na kosa moja linaweza kuzuia mashini kuamka.

Anayehitaji zaidi ya kile kilichomo ndani ya Windows anaweza kuchagua BleachBit. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na huonyesha kitakachofutwa kabla ya kufuta. Pasipowekwa alama kwenye nywila, zitabaki.

Vumbi na umri

Mjini Goma, vumbi la mawe ya volkeno huingia kila mahali, na hakuna programu inayoliondoa. Mashini izimwe, ichomolewe umeme, na matundu ya hewa yapitishwe brashi laini. Kompyuta ya kubeba isitumiwe juu ya godoro, kwa sababu inakosa pumzi na joto huipunguzia mwendo.

Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani zilizoletwa zikiwa zimekwisha kutumiwa haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hizo kuna Linux Mint, mfumo wa bure unaohitaji RAM ya GB 2, ingawa 4 ni bora, na diski ya GB 20. Unaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows, na una lugha ya Kifaransa.

Baada ya usafi wa kwanza, matunzo si kazi kubwa: kila flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa, akiba iwekwe kila wiki, na ukaguzi kamili wa antivirusi ufanyike mara moja kwa mwezi, siku ambayo umeme hausumbui.