Nairobi Haikukimbiwa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, majira ya saa nne na nusu asubuhi, wafanyakazi wa majengo yaliyoizunguka njia panda ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue walisikia mlipuko mdogo na milio ya risasi, na kwa tabia ya binadamu ya kutaka kujua lililojiri, wengi wakainuka vitini wakasogea madirishani; ndipo bomu kubwa, lililoletwa kwa gari hadi nyuma ya ubalozi wa Marekani, lilipolipuka, vioo vikawarukia usoni, na wako walioamka wazima siku ile ambao hawakuliona tena jua likichwa. Jengo la Ufundi House liliporomoka lote. Nairobi ilizika watu 213, na Dar es Salaam, iliyopigwa karibu saa ileile, ikazika 11.

Aliyepanga dhulma ile hakuwa na haja na marehemu mmoja mmoja, wala hakuwajua majina. Haja yake ilikuwa kwetu sisi tuliobaki, tuwe watu wa kuambaa barabara zetu wenyewe. Hakuipata. Wauza magazeti na makarani walirejea katika njia zilezile, ilhali majeraha ya wengine hayajapona. Na Septemba 2013, washambuliaji walipoua watu 67 katika jengo la Westgate, raia walimiminika Uhuru Park kutoa damu, wakapanga foleni ndefu, mikono ya mashati imekunjwa, Mhindi nyuma ya Mluo, Mkikuyu nyuma ya Msomali, wala hapana aliyeuliza damu yake itaingia katika mwili wa kabila gani au dini gani. Jengo lenyewe lilifunguliwa tena mwaka 2015.

Sisemi tuache hadhari. Bawabu anayepekua mikoba mlangoni kutwa nzima, kwa ujira mdogo, anastahili salamu na subira yetu. Nisemalo ni kwamba hofu, ikiachiwa ikae moyoni, haiishii kumfungia mtu nyumbani, bali humfundisha kumdhania jirani yake. Na aibu hiyo tuliiona Aprili 2014, maelfu ya watu, aghalabu Wasomali wa Eastleigh, walipokamatwa katika msako wa usalama, wengi wao wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani pasipo kosa lililothibitishwa juu yao. Hapo kazi ya adui tulimfanyia wenyewe, bure, na kwa mikono yetu.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapopanda matatu ukakuta kiti kilichosalia ni kile cha kando ya mama aliyevaa buibui, au kijana wa Eastleigh aliyepakata mkoba wake, usishuke wala usibaki umesimama. Keti, umwamkie, umuulize hali ya nyumbani.