Ngege wa Kibuye ni Ngege Yupi?

Msomaji akifika soko la Kibuye, mjini Kisumu, akamwuliza mama muuza samaki, "Mama, huyu ni samaki gani?" hapana shaka atajibiwa, "Ni ngege, baba." Mimi nami niliridhika na jibu hilo kwa miaka mingi, hata siku moja mzee wa ukoo wetu, aliyekuwa mvuvi, akamgeuza samaki wangu, akautazama mkia, akasema, "Mwanangu, huyu si ngege wa baba zetu." Nilidhani ni maneno ya uzee. Kumbe wataalamu wa viumbe wako upande wake.

Wataalamu hao hawategemei jina la sokoni, kwa maana omena wetu huitwa mukene huko Uganda, na jina moja huweza kufunika viumbe wawili. Wao hufuata desturi ya Mswidi Carl Linnaeus, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa kuhesabu majina ya wanyama. Kila kiumbe hupewa majina mawili: la kwanza la jamii yake, la pili lake mwenyewe.

Ngege wa asili alipewa jina na Michael Graham, Mwingereza aliyechunguza uvuvi wa Ziwa Victoria mwaka 1927 na 1928. Alimwita Tilapia esculenta. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "afaaye kuliwa", na aliyewahi kumla hatabisha. Baadaye Dokta Ethelwynn Trewavas, bibi mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, alitenganisha samaki hao kwa malezi yao. Wengine hutaga mayai chini na kuyalinda hapo. Ngege jike huyabeba kinywani. Basi katika miaka ya 1980 ngege alihamishwa jamii, akawa Oreochromis esculentus. Jina la pili lilibaki, ila mwisho wake uligeuka ili upatane na la kwanza, kama sisi tusemavyo mtu mwema lakini kitu chema.

Samaki wa Kibuye siku hizi ni Oreochromis niloticus, yaani wa Mto Nile, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Ni wa jamii moja na ngege, hata huweza kuzaana naye, lakini mkia wake una mistari myeusi iliyosimama. Mgeni huyo alistawi. Ngege, aliyekwisha kupunguzwa na nyavu, kisha akakutana na mbuta, alitoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Jina lake likabaki sokoni, mgeni akalirithi, na kwa hiyo wengi hawakujua kwamba pana aliyeondoka.

Atakaye kumwona ngege mwenyewe na aende Ziwa Kanyaboli, huko Siaya, nyuma ya mafunjo ya Yala, ambako mbuta hakufika. Autazame mkia kwanza.