Mzigo wa Kichwani na Barabara ya Mkato

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha makala fupi kuhusu wanawake wa Kenya na mizigo yao. Baadhi yao walikuwa Waluo, waliozoea kubeba kichwani. Wengine Wakikuyu, waliozoea kubeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Maloiy wa Nairobi na wenzake, akiwemo Taylor wa Harvard, waliwatembeza juu ya mkanda unaozunguka wakiwa wamevaa barakoa ya kupimia oksijeni, kisha wakawa wanawaongezea mzigo hatua kwa hatua. Ungetarajia kila kilo idai pumzi yake. Haikuwa hivyo. Mzigo ulifika asilimia 20 ya uzito wa mwili, oksijeni ikabaki palepale, kana kwamba hawajabeba kitu. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni kilo 12, zaidi ya nusu ya ndoo kubwa ya maji. Baada ya hapo ndipo gharama ilipoanza kupanda.

Naanza na wanawake hawa kwa sababu hisabati ninayoifundisha, ya kutafuta mwendo ulio bora, imejengwa juu ya swali walilokuwa wakilijibu kwa miili yao: kati ya namna zote za kutoka hapa kwenda pale, ni ipi yenye gharama ndogo kuliko zote? Swali hilo likishaulizwa, lingine linafuata hapohapo. Gharama ya nini, na anayehesabu ni nani?

Tuchukue kutembea kwenyewe, bila mzigo. Mwaka 1958 Ralston, huko California, alipima nishati ambayo watu hutumia wakitembea kwa kasi mbalimbali. Alipata kanuni rahisi: kwa kila kilo ya mwili, nishati ya dakika moja ni kalori 29, ukijumlisha 0.0053 mara kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, kasi hiyo ikiwa mita kwa dakika. (Hizi ni kalori ndogo za maabara, si zile kubwa zinazoandikwa kwenye pakiti ya biskuti.) Ile 29 ni kama kodi ya nyumba: unailipa kila dakika kwa kuwa tu umesimama na unaishi, hata ukijikokota. Sehemu ya pili ni bei ya haraka, nayo hupanda kwa ukali.

Sasa gawanya kwa kasi, upate gharama ya kila mita. Ukienda mita 37 kwa dakika, kila mita inakugharimu kalori 0.98, maana safari inakuwa ndefu na kodi inakula. Ukienda mita 111, inakuwa 0.85, maana haraka inakula. Katikati kuna bonde. Chini kabisa ya bonde hilo hupatikana kwa kugawanya 29 kwa 0.0053 na kutafuta kipeuo cha pili: mita 74 kwa dakika, yaani kilomita 4.4 kwa saa, kwa kalori 0.78 kila mita. Huo ni mwendo wa mtu anayekwenda zake sokoni, hakimbizwi wala hazubai. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Mwaka 2015, Selinger na wenzake nchini Kanada waliwafunga watu magotini vifaa vilivyofanya mtindo wao wa kawaida wa hatua uwe ghali kuliko mitindo mingine. Walipokwisha kuonjeshwa mtindo wa nafuu, walihamia huko wenyewe ndani ya dakika chache, hata pale faida ilipokuwa chini ya asilimia 5. Mwili hupiga hesabu njiani, huku mwenyewe akiwaza mambo yake.

Je, wale wanawake walikuwa wakiipata wapi ile asilimia 20? Jibu lilikuja mwaka 1995, pale Heglund na wenzake walipowatembeza juu ya sakafu yenye vipimo vya nguvu. Mguu uliokanyaga hufanya kazi ya upondo: mwili hupanda juu yake kasi ikipungua, kisha huteremka upande wa pili na kasi ikarudi. Kupanda huweka akiba, kushuka huitoa. Kwa watu wa kawaida akiba hiyo hurudi kwa takribani asilimia 65 tu inaporudi vizuri. Iliyobaki lazima misuli iilipe upya kila hatua. Wanawake wale, kadiri walivyoongezewa mzigo, ndivyo walivyopunguza upotevu huo. Walikuwa na nafasi ya kuboresha ambayo sisi wengine hatujui kuitumia, nao waliijaza kwa ndoo.

Lazima niongeze mambo mawili. Kwanza, waliopimwa walikuwa wachache, na mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuikuta nafuu hiyo kwa jumla. Walikuta tofauti kubwa kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo si siri ya ngata, wala si zawadi ya kila anayebeba kichwani. Pili, na hili linanigusa zaidi, barakoa hupima oksijeni. Haipimi shingo. Haipimi saa za binti anayekwenda mtoni kabla ya shule. Hisabati ilipoambiwa itafute pumzi ndogo kabisa, ilijibu kuhusu pumzi. Ukiiongezea shingo na saa kwenye mlinganyo, jibu linahama kutoka kwenye hatua na kuwa bomba karibu na nyumba. Nimeona watu wakisifia ustadi huu kana kwamba unaondoa haja ya bomba, na naliona ni kosa kubwa.

Mafundi wa mashine walichelewa kuujua upondo. Roboti nyingi za kwanza zenye miguu miwili zilisimamia kila kiungo kila nukta ya wakati, kama mzazi asiyemwachia mtoto mkono. Mwaka 1990 McGeer, naye akiwa Kanada, alionyesha miguu ya chuma isiyo na injini wala kompyuta, ikiteremka mteremko mdogo kwa uzito wake tu, na mwendo wake unafanana na wa binadamu kiasi cha kushangaza. Kutoka hapo, watu wa Chuo Kikuu cha Cornell waliunda roboti zinazoongezewa msukumo kidogo pale tu unapohitajika. Moja yao, Ranger, ilitembea zaidi ya kilomita 65 mwaka 2011 bila kuchajiwa tena. Watafiti hao walikadiria kuwa Asimo, roboti maarufu ya Honda, ilitumia zaidi ya mara 10 ya nishati ya binadamu kwa uzito na umbali uleule.

Hadi hapa mambo ni mazuri, kwa sababu goti, pafu na kisigino vina mwenye mali mmoja. Goti halina faida yake binafsi. Barabarani sivyo.

Kumpatia msafiri mmoja njia bora ni kazi iliyokwisha zamani. Katika miaka ya 1950 Bellman, Mmarekani, aliweka msingi wake: ikiwa njia bora ya Mombasa hadi Kisumu inapita Nakuru, basi kipande cha Nakuru hadi Kisumu lazima nacho kiwe bora kwa anayeanzia Nakuru. Dijkstra, Mholanzi, alibuni utaratibu wake wa njia fupi mwaka 1956 akiwa ameketi mkahawani Amsterdam na mchumba wake, bila kalamu wala karatasi. Mwenyewe alisema ulimchukua kama dakika 20. Utaratibu huo, na vizazi vyake, uko ndani ya simu inayokuelekeza njia na ndani ya mitambo inayosukuma ujumbe wako kwenye intaneti.

Ugumu huanza wasafiri wanapokuwa wengi. Fikiria mji ambao magari 600 hutoka magharibi kwenda mashariki kila asubuhi. Njia ya kaskazini ina daraja jembamba, kisha barabara pana. Njia ya kusini huanza na barabara pana, kisha daraja jembamba. Barabara pana huchukua dakika 35, magari yawe mengi au machache. Daraja hutegemea msongamano: idadi ya magari ugawanye kwa 20. Watu watajigawa 300 kwa 300. Daraja ni dakika 15, barabara ni 35. Jumla 50 kwa kila mmoja.

Halmashauri inajenga barabara ya mkato, ya dakika 1, kutoka mwisho wa daraja la kwanza hadi mwanzo wa la pili. Dereva wa kwanza kuigundua anavuka madaraja yote mawili na mkato wake kwa dakika 31. Habari inaenea, na simu zinawaonyesha wote. Kila mmoja akiwa na akili timamu anapita humo, maana hata magari yote 600 yakijaa darajani ni dakika 30, na ukiongeza mkato 31, bado chini ya 35. Kila asubuhi sasa wote wanatumia dakika 30, na 1, na 30. Safari ya dakika 50 imekuwa dakika 61. Anayejaribu kurudi njia yake ya zamani atatumia 65, kwa hiyo harudi. Hakuna aliyekosea, na wote wamepoteza dakika 11.

Braess, mwanahisabati wa Ujerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1968. Kabla yake, mwaka 1952, Wardrop wa Uingereza alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo tunayachanganya kila siku: hali ambapo hakuna dereva anayeweza kujipunguzia muda peke yake, na hali ambapo jumla ya muda wa wote ni ndogo kabisa. Programu za simu, kwa kumpa kila mtu njia yake fupi, zinatusukuma kuelekea ya kwanza. Mji unahitaji ya pili, na ndiyo maana naona mpanga barabara anayeuliza tu "tuongeze njia wapi?" ameacha nusu ya kazi.

Asiyeamini jambo hilo la Braess anaweza kulishika kwa mkono, kwa jaribio ambalo Cohen na Horowitz walilichapisha mwaka 1991. Ning'iniza springi darini. Chini yake funga uzi mfupi, na kwenye uzi huo springi ya pili, kisha uzito mwisho. Ongeza nyuzi mbili ndefu zilizolegea: moja kutoka darini hadi juu ya springi ya pili, nyingine kutoka chini ya springi ya kwanza hadi kwenye uzito. Sasa chukua mkasi ukate ule uzi mfupi wa katikati, ulio kama ile barabara ya mkato, unaoonekana ndio unaoshikilia kila kitu. Springi zilizokuwa zimepangwa foleni, kila moja ikibeba uzito mzima, sasa zinagawana nusu kwa nusu na kujikunja. Nyuzi ndefu zikiwa zimepimwa vizuri, uzito haushuki, unapanda.